Ukuta ni wa Mwenye Nyumba, Kilicho Ndani ni Chako

Kuna kauli ambayo Bukoba na Muleba imekuwa kama sheria: bima ni ya mwenye nyumba. Utaisikia kwa mwalimu aliyepanga Rwamishenye, kwa muuguzi aliyepanga karibu na hospitali ya Rubya, kwa fundi cherehani mwenye fremu Kamachumu, na kwa dalali aliyewatafutia wote watatu vyumba. Mpangaji ana nini cha kukatia bima, wanauliza, wakati hata msumari wa ukutani si wake? Inasemwa kwa uhakika mkubwa hata watu wameacha kuijibu. Nataka kuijibu, tena kwa urefu, kwa sababu naiona ni kauli potofu, na gharama yake inalipwa na watu wasio na uwezo wa kuilipa.

Tuanze na moto. Chukua nyumba ya kawaida ya kupangisha pale Kashai au Hamugembe: vyumba sita vinavyotazamana, korido katikati, mita moja ya LUKU wanayochangia wote, na waya ambao fundi wa mtaani ameuongezea tawi kila mpangaji aliponunua friji au pasi. Usiku mmoja waya unachemka darini. Asubuhi mwenye nyumba anakuja kutazama. Amepoteza paa, milango, madirisha, pengine na kuta mbili. Hasara hiyo ni kubwa na siidharau. Lakini kiwanja kipo palepale, msingi upo, na kodi ya miezi sita aliyoichukua mwanzoni ameshaitumia kwa mambo yake. Wapangaji wamepoteza kitanda, godoro, friji, televisheni, vyombo, sare za watoto, vyeti vya shule, na mtaji wa vitenge uliokuwa chini ya kitanda. Wamesimama uani na nguo walizolalia. Ukipima kwa kilichobaki, walioumia zaidi katika nyumba ile ni haohao tunaowaambia kwamba bima haiwahusu.

Wengine hujibu kwamba mwenye nyumba akikata bima, wapangaji wake nao wamekingwa. Si kweli hata kidogo. Wenye nyumba wengi wa kwetu hawana bima yoyote, na aliye nayo hati yake imetaja jengo: kuta, paa, milango, mfumo wa umeme na maji. Fidia hulipwa kwa aliyetajwa kwenye hati, kwa kitu kilichotajwa kwenye hati. Jengo likiwa limewekwa rehani, benki husimama mbele hata ya mwenye nyumba mwenyewe katika foleni ya malipo. Mpangaji hayumo kwenye foleni hiyo. Mali yake haikuandikwa popote.

Sheria nayo ina la kusema, na wachache wanaopanga wamewahi kuambiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inahesabu baadhi ya masharti kuwamo katika mkataba wa pango hata kama wahusika hawakuyaandika. Mojawapo ni kwamba nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, ikawa haikaliki, kodi husimama mpaka itengenezwe. Hilo ni jambo jema na kila mpangaji alijue siku anapodaiwa kodi ya chumba kisicho na paa. Ila tazama mipaka yake. Sheria inasimamisha kodi, hairudishi friji. Na kinga yote inaning'inia kwenye neno uzembe. Moto ukianzia kwenye pasi uliyoisahau, au kwenye mtungi wa gesi uliofungwa vibaya, mambo yanageuka: mwenye nyumba anaweza kukudai jengo lake, na jirani wa chumba cha tatu akakudai vitu vyake. Bima nzuri ya mpangaji huweza kubeba na dhima hiyo, yaani kulipa madai ya wengine dhidi yako. Anayesema mpangaji hana cha kukatia bima hajawahi kufikiria kwamba mpangaji anaweza kuunguza nyumba ya watu.

Baada ya hapo hoja huhama. Mtu hukubali kwamba vitu ni vyake, kisha hudai kwamba vitu vyenyewe si vya kiasi hicho. Hapa naomba watu wachukue kalamu. Nitakadiria kwa familia ya watu wanne, bila anasa. Kitanda na godoro Sh500,000. Friji ndogo Sh550,000. Televisheni Sh400,000. Jiko la gesi na mtungi Sh150,000. Makochi Sh600,000. Kabati Sh300,000. Kompyuta ya mwalimu anayesoma shahada kwa masafa Sh800,000. Nguo, viatu, mashuka na mapazia ya watu wanne Sh700,000. Vyombo vya jikoni Sh200,000. Jumla ni Sh4,200,000, na sijagusa simu, redio, baiskeli wala kamera ya anayepiga picha za harusi Jumamosi. Vitu hivi havionekani kuwa mali kwa sababu vilikuja kimoja kimoja, kwa miaka, kwa mchezo wa ofisini na kwa mkopo. Vikiondoka vinaondoka kwa dakika ishirini.

Na mkopo haungui. Watumishi wengi wa umma katika wilaya hizi wamenunua samani zao kwa fedha za benki au SACCOS, wakikatwa kwenye mshahara kila mwezi. Kochi likishakuwa majivu, makato yanaendelea kama kawaida. Jambo linaloniuma hapa ni kwamba watu hawa tayari wanalipa bima. Katika mikopo mingi kuna kipengele cha bima ya mkopo, na mkopaji ndiye anayeigharamia. Bima hiyo humkinga mkopeshaji endapo mkopaji atafariki au kupata ulemavu wa kudumu. Kwa hiyo mwalimu wa Muleba amelipia bima ya benki, na hajalipia ya kitanda chake.

Kwenye fremu mambo ni mazito zaidi. Fundi cherehani wa Kamachumu akiunguliwa, hapotezi cherehani tu. Anapoteza vitenge vya wateja, sare za shule zilizolipiwa nusu, gauni la bibi harusi wa Jumamosi ijayo. Fundi simu wa Bukoba mjini droo yake imejaa simu za watu. Wenye vitu hivyo watakuja, na hawatamwendea mwenye jengo. Tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliwaka moto usiku, na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka palepale Kariakoo na kuua watu. Katika matukio yote mawili wafanyabiashara wapangaji walipoteza bidhaa na mitaji yao. Mkasa kama ule hauhitaji Dar es Salaam ili utokee. Unahitaji fremu zilizobanana, nyaya mbovu au nguzo dhaifu, na hivyo vyote tunavyo. Niongeze tahadhari: bima ya vitu vya nyumbani haigusi mali ya biashara. Mwenye fremu anahitaji bima ya biashara, na akiweka mtaji wake chumbani aseme hivyo kwa wakala kabla ya kusaini.

Sasa nafika kwenye hoja ninayoiheshimu kuliko zote, na kwa sababu naiheshimu sitaipita haraka. Inasema hivi: sisi tuna ndugu, tuna majirani, tuna vikundi, mtu wa Kagera haanguki peke yake. Ni kweli. Mkoa huu umejenga utaratibu wa kusaidiana ambao haukungoja kampuni yoyote. Mwaka 2000 watafiti walikwenda kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, wakazihoji kaya zote 119 kuhusu nani humtegemea nani wakati wa shida. Walichokikuta kilikuwa mtandao mnene wa udugu, ujirani na dini, pamoja na vikundi vya mazishi vyenye wanachama, michango na kanuni. Tangu hapo wachumi wa nchi mbalimbali wamekisoma kijiji kile kama mfano wa jinsi watu wanavyogawana hatari. Vikundi vya namna hiyo ndivyo vilivyoubeba mkoa miaka ya UKIMWI, baada ya wagonjwa wa kwanza nchini kutambuliwa hapahapa Kagera mwaka 1983. Msiba ukitokea, turubai linakuja, masufuria yanakuja, ndizi zinakuja, na asiyechangia anaulizwa. Hiyo ni bima. Ina mchango wa kawaida, ina daftari, ina tukio linalolipiwa na ina adhabu kwa anayekwepa. Ndiyo maana simwelewi mtu anayeniambia bima ni mambo ya kigeni ambayo Mhaya hawezi kuyazoea. Ameyazoea kabla hajapanga chumba.

Lakini watafiti wale waliona na mipaka. Mwanakaya alipougua, chakula cha familia kililindwa vizuri na jamii. Matumizi mengine hayakulindwa kwa kiwango hicho. Ndivyo tulivyo. Tutahakikisha unakula na tutahakikisha unazikwa kwa heshima. Hatuna utaratibu wa kukurudishia kompyuta. Kikundi cha kijijini kwenu Kanyigo au Nshamba hakikuundwa kumnunulia friji mtu aliyepanga Bilele, na hakina makosa kwa hilo. Mpangaji ameondoka kwenye kibanja cha familia, ambacho kwa Mhaya ndicho mwisho wa kila anguko: ukishindwa mjini unarudi, migomba ipo. Ndani ya chumba cha kupanga hakuna mgomba. Na kuna wapangaji wengi Bukoba na Muleba ambao hata kibanja cha kurudi hakiko karibu, watumishi waliohamishiwa huku kutoka Mtwara au Songea. Kumwambia mtu huyo ategemee ndugu ni kumwelekeza kwenye safari ya basi ya siku mbili.

Kuna upungufu mkubwa kuliko huo, na sisi tuliuona kwa macho. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitikisika. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake kikiwa mashariki ya Nsunga, Missenyi. Watu wasiopungua 17 walifariki, zaidi ya 400 walijeruhiwa, na nyumba kwa maelfu zilianguka au kupasuka, Hamugembe ikiwa miongoni mwa mitaa iliyoumia sana. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya. Fikiria mtandao wetu wa kusaidiana saa kumi jioni siku ile. Kaka yuko nje ya nyumba iliyopasuka. Shangazi yuko nje. Mwenyekiti wa kikundi yuko nje. Mwenye duka anayekopesha yuko nje, na bidhaa zake ziko chini ya kifusi. Kusaidiana kunafanya kazi pale mmoja anapoanguka na kumi wamesimama. Wote wakianguka saa ileile, upendo unabaki na fedha hazipo. Jambo hilo halitokani na ubaya wa tabia ya mtu. Ni hesabu. Mfuko wa kukinga janga lazima uwe mpana kuliko janga lenyewe.

Kampuni ya bima ina upana huo. Sehemu ya hatari inayochukua huihamishia kwa kampuni nyingine kubwa, jambo linaloitwa bima mtawanyo, na kampuni hizo nazo hubeba hatari za nchi nyingi. Afrika yenyewe inayo moja yenye makao yake Lagos. Maana yake ni kwamba siku Bukoba yote iko nje, fedha zinaweza kutoka mahali ambapo ardhi haikutikisika. Ndugu zetu hawawezi kufanya hivyo hata wakitupenda vipi.

Na serikali? Wapo wanaosema janga likiwa kubwa serikali haitatuacha. Tusome tuliyoyaishi. Januari 2017 Rais Magufuli alifika Bukoba na akasema waziwazi kwamba serikali haitamjengea nyumba kila aliyeathirika. Kila mtu aanze kujijengea, na michango ielekezwe kwenye taasisi za umma. Wengi waliumizwa na kauli hiyo na mjadala wake haujaisha. Sina nia ya kuufufua. Ninachotaka mpangaji akione ni hiki: hata ule mjadala wenyewe ulikuwa wa nyumba. Kilichohesabiwa kilikuwa nyumba, ngapi zimeanguka na ngapi zimepata nyufa. Kilichodaiwa kilikuwa mabati na saruji. Bati linakwenda kwenye paa, na paa lina mwenyewe. Mpangaji aliyefukua godoro lake kwenye kifusi cha Hamugembe hakuwa na sehemu yake katika ubishi ule, si kwa upande wa waliotaka kulipwa wala kwa upande wa waliokataa kulipa. Anayemshauri leo angoje serikali anamshauri asimame kwenye mstari ambao safari iliyopita haukuwa na dirisha lake.

Tetemeko ni nadra. Maji si nadra. Mto Kanoni unapita katikati ya Bukoba, na wanaokaa mabondeni kandokando yake wanajua mvua za masika zinavyouleta mlangoni. Ziwa nalo limebadilika: Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilipita rekodi iliyodumu tangu 1964, na Mei 2024 kikapita hata hiyo ya 2020. Mto unaoingia ziwani hauwezi kushuka vizuri ziwa likiwa limejaa. Vyumba vya mabondeni kodi yake ni nafuu, kwa hiyo ndivyo wanavyopanga vijana wanaoanza maisha, wakiwa na godoro la sponji na friji lililokaa chini sakafuni.

Tugeukie sasa hasira, maana hoja nyingine haitolewi kwa hesabu bali kwa hasira: kampuni za bima hazilipi. Hasira hii ina historia. Kuanzia 1967 mpaka katikati ya miaka ya 1990, biashara ya bima Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa shirika moja la umma, na mteja asiyeridhika hakuwa na pengine pa kwenda. Simulizi za kungoja fidia zilirithiwa na watoto. Leo kuna kampuni nyingi, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya 2009, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya mteja anayeona amedhulumiwa na kampuni. Sisemi kila kampuni ni safi. Zipo zinazochelewesha, zipo zinazotafuta kipengele cha kujifichia, na hizo zinapaswa kushtakiwa kwa msuluhishi na kutangazwa. Ila nimegundua kwamba nikimbana anayesema hawalipi, mara nyingi mkasa wake ni wa gari. Alikuwa na bima ndogo akidhani ana bima kubwa. Bima ndogo humlipa uliyemgonga, hailipi gari lako. Kampuni haikumwibia, aliuziwa kitu bila kuelezwa, na hilo ni kosa la mawakala wetu wanaouza stika kama vocha.

Kwa hiyo mpangaji anayekwenda kwa wakala asiende kama mnunuzi wa vocha. Auombe mkataba wenyewe, ausome, au asomewe na mtu anayemwamini. Hati nyingi huanzia kwenye moto, na mengine huongezwa kwa maandishi. Mtu wa Bukoba ambaye hati yake haitaji tetemeko na mafuriko amenunua bima ya mji mwingine. Aulize wizi unahesabiwaje, kwa sababu kwa kawaida lazima pawe na dalili za kuvunja. Simu iliyochukuliwa dirishani huenda isilipwe. Aulize ni kiasi gani cha kwanza cha hasara atakachobeba mwenyewe. Halafu kuna kanuni ya wastani, ambayo imewakatisha tamaa wengi kwa kutoijua. Ukiwa na vitu vya Sh4,000,000 ukaandikisha Sh2,000,000 ili ulipe ada ndogo, kampuni inahesabu kwamba umekinga nusu ya kila kitu. Ukipoteza vya Sh1,000,000 utalipwa Sh500,000. Utadhani umeonewa, na mkataba utakuwa upande wao. Andikisha thamani halisi. Piga picha kila kitu, pamoja na namba za friji na televisheni, weka picha za risiti, uzitume kwenye barua pepe yako ili zisiungue na simu. Moto ukitokea piga 114, kisha upate taarifa ya Jeshi la Zimamoto na ya polisi mapema. Na kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwenye mfumo wa TIRA kwamba bima uliyouziwa ipo kweli.

Gharama? Ada hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini njia ya kuhesabu ni rahisi. Tuseme umetajiwa asilimia moja na nusu ya thamani. Kwa Sh4,200,000 hiyo ni Sh63,000 kwa mwaka, na ukiongeza VAT ya asilimia 18, Sh11,340, inakuwa Sh74,340. Kwa mwezi ni kama Sh6,200. Wakala akikutajia asilimia nyingine, badilisha namba na uhesabu upya. Linganisha na yale mpangaji anayolipa bila kubisha. Dalali anachukua kodi ya mwezi mzima kwa kuonyesha chumba mara moja. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na ingawa ni wajibu wa mwenye jengo, anayeingiza umeme ndiye anayekatwa. Ni wapangaji wangapi wanarudishiwa? Tunalipia jengo la mtu mwingine kila mwezi, kisha tunasema hatuna cha kulipia vitu vyetu. Na hapa nina ugomvi na Bunge: kumtoza VAT mtu anayejikinga asiwe mzigo kwa serikali siku ya maafa ni sera mbaya. Bima ya maisha na ya afya zimesamehewa kodi hiyo. Bima ndogo za vitu vya nyumbani nazo zisamehewe.

Kwa anayesita kwa ajili ya imani sina maneno mengi. Yusufu aliweka akiba ya nafaka kwa miaka saba akijua njaa inakuja, na kisa chake kimo katika vitabu vyote viwili vinavyosomwa Bukoba. Mwislamu anayeona mikataba ya kawaida ina riba au utata, takaful, yaani bima ya misingi ya Kiislamu, sasa inapatikana nchini, na ni haki yake kuiulizia.

Yapo maeneo ambako ushauri wangu unakwama, na nitasema hivyo. Kambi za uvuvi za visiwa vya Muleba, Goziba, Bumbire, Kerebe na vinginevyo, zina vibanda vya mbao na mabati vilivyoshikana, majiko ya mkaa ndani, petroli ya mashine za mitumbwi pembeni. Gari la zimamoto halivuki ziwa. Kampuni nyingi zitasita kukinga kibanda cha namna ile, na zikikubali ada itakuwa kubwa. Huko kinachohitajika kwanza ni nafasi kati ya kibanda na kibanda, na mafuta kuwekwa mbali na vitanda. Hilo ni jukumu la halmashauri na la vikundi vya kusimamia mialo. Mwenye kuwauzia bima wavuvi kabla ya hapo anawadanganya.

Kwa nchi kavu kikwazo ni kingine. Kampuni zenyewe hazimtafuti mpangaji. Mchango wa bima zote katika pato la taifa uko karibu asilimia 2, na wakala wa Bukoba anapata zaidi kwa stika moja ya lori kuliko kwa mwalimu mwenye vitu vya milioni nne. Mpangaji mmoja mmoja akienda dirishani atajibiwa kwa kukatishwa tamaa, au atatajiwa kima cha chini cha ada ambacho hakiendani na mali yake. Lakini sisi hatukuanza jana kwenda kwa makundi. Walimu wa tarafa nzima ni wateja wa kupigiwa simu. Wauguzi wa hospitali moja, wenye fremu wa mstari mmoja, wanachama wa SACCOS, hata kikundi cha mazishi cha wahamiaji wa mjini: hawa wanaweza kuiita kampuni mezani, wakataka mkataba mmoja wa pamoja ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye tetemeko na mafuriko ndani, ada ikakatwa kidogo kidogo kupitia mfuko wa kikundi ambao huilipa kampuni mwanzoni mwa mwaka. Katibu anayejua kutunza daftari la msiba anajua kutunza orodha ya vitu vya wanachama. Benki nyingi nchini sasa ni mawakala wa bima, na ndizo zinazotunza akaunti za vikundi hivi. Mikutano ya wanachama ifanye jambo hili kuwa ajenda, na ifanye kabla ya Machi, kwa sababu hakuna kampuni itakayoandika hati ya mafuriko maji ya Kanoni yakiwa yameshafika kizingitini.